Baiti Kumi na Sita

Oulu, Januari. Saa tisa mchana na giza limeshaingia.
Sirkka yuko mlangoni, glavu mkononi:
"Mashine imekataa. Inasema imeshiba."
Wiki nzima amepima theluji msituni,
shimo kwa shimo, sentimita kwa sentimita,
na sasa namba zake hazina pa kulala.

Nikaandika d, nikaandika f.
Diski ya kwanza: asilimia mia.
Ya pili, ile ya chini ya meza: arobaini na moja.
"Nimefuta tangu asubuhi," anasema.
"Vipimo vyote vya mwaka wa tisini nimevifuta,
na diski haikupungua hata punje."

Hapo nikajua: alichota kisima kimoja
akapima kina cha kingine.

Nikamwonyesha orodha. Jina ni *lumi*,
ndiyo theluji kwa lugha ya hapa.
Mwanzo wa mstari herufi l, wima kama mlinzi,
na baada ya jina, mshale:

lumi -> /levy2/ahti/lumi

Hii si folda, Sirkka. Ni jina linalonyoosha kidole.
Unabisha hodi hapa, unaitikiwa nyumba ya pili,
wala huhisi kwamba umevuka uwanja.
Theluji yako haijalala humu miaka mitatu.
Ahti aliihamisha.

"Ahti," akasema, akavuta kiti.

Alistaafu Juni. Septemba tukamzika,
hakuifikia theluji ya kwanza.
Hakuacha maelezo, aliacha mishale:
kila kizito alikibeba usiku hadi diski ya pili
na jina akaliacha palepale,
tusije tukasumbuka kujifunza njia mpya.

Basi ni nani aliyekula nafasi?
Nikapima chumba baada ya chumba.
Kibaba chetu kilijazwa haba na haba:
printa ya ghorofa ya tatu iliondolewa Oktoba,
na programu moja, tiifu kuliko sisi sote,
kila sekunde iliiita,
na kila isipojibiwa iliandika: *sikujibiwa*.
Megabaiti mia saba za sikujibiwa.

Nikalifuta faili. Jina likatoweka.
Asilimia mia, bado.
Sirkka akanitazama kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Subiri. Kufuta jina si kufuta kitu.
Anayeliandika bado amelishika,
na kilichoshikwa hakiondoki
hata kama hakuna tena wa kukiita.
Nikaizima programu.

Sitini na tatu.
Hivihivi, bila kishindo, diski ikashusha pumzi.

Namba zake zikaingia. Vya mwaka wa tisini
viko kwenye kanda, kabatini, kwa mwandiko wa Ahti;
kesho nitavirudisha mahali ambapo
havikuwa na haja ya kutolewa.
Akavaa glavu. Akavua moja.
"Kwa hiyo kila nilipofungua theluji
nilipita mlangoni kwake?"
Kila mara.
"Na sikumwona."
Ndivyo vilivyotengenezwa. Visionekane.

Amekwenda. Kahawa imepoa na mimi napima mshale wenyewe,
uzito wake peke yake, bila kile unachokielekea.
Baiti kumi na sita.
Nikadhani nimekosea, nikahesabu kwa kidole kwenye kioo:
herufi na tarakimu kumi na tatu, mikwaju mitatu.
Njia tu. Hauna kingine ndani.

Ile diski ya chini ya meza imeanza kukereza meno.
Machi itang'olewa, data itahamia kwingine,
na mshale utabaki ukielekea ukutani,
jina la Ahti katikati yake, mikwaju huku na huku.

Kanuni ya maabara inasema: kiungo kisichofika, kifutwe.
Naijua vizuri.
Niliiandika mimi.